Mbegu za Soud

Karanga za shamba la ujamaa la Kigwa zilipojikunja majani na kuzaa maganda matupu, watu hawakwenda mbali kutafuta mchawi. Mbegu waliuziwa na Soud, Mwarabu mwenye duka mtaa wa Mtendeni mjini, na mwaka ule wa themanini na tatu, wa msako wa wahujumu uchumi, kila mwenye duka alitazamwa kwa jicho la pembeni. Askari walimkuta kwa kinyozi, wakaondoka naye shavu moja likiwa bado na povu. Mhujumu, walisema. Ametia mbegu sumu.

Dada yake, Fakhria, alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mimea katika kituo kimoja nje ya mji.

"Wewe si umesomea majani?" mama yao, Bi Tufaha, alimwambia. "Basi mtoe kaka yako."

Fakhria alipanda treni hadi Kigwa. Aliyemtembeza shambani ni mama mmoja mkulima aitwaye Pelagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe dada yake?"

"Ndiye mimi."

Pelagia aling'oa shina zima na kumkabidhi. "Ukigundua kitu, uje utuambie na sisi. Siyo nyumbani kwenu tu."

Majani yale hayakuwa na dalili ya sumu. Fakhria alishuku virusi. Lakini virusi vya namna ile hubeba siri ya uzao wao katika RNA, kitu chepesi kuharibika kuliko maziwa juani. Jasho la kidole hutosha kukimaliza. Ng'ambo alikosomea alifundishwa kutumia kimeng'enya kinachoisoma RNA na kuinakili kuwa DNA, ambayo ni ngumu na huvumilia safari. Nakala hiyo ikitiwa alama, hunata popote inapokutana na virusi vilevile. Akiwa na nakala ya ugonjwa wa Kigwa, angeweza kupima mmea wowote kama unao.

Aliporudi mjini alipanda mbegu zilizobaki ghalani mwa Soud, ndani ya kibanda cha chandarua ambamo vidukari, wale wadudu wanaosambaza virusi, hawangeweza kupenya. Alitaka watu waone zinavyoota salama. Zikaota, na majani yake yakatoka na mabaka.

Alikaa chini mle kibandani. Kama ugonjwa uliletwa na vidukari wa shambani, Soud hana lawama hata chembe. Kama ulitoka ndani ya mbegu, basi ni yeye aliyeupeleka Kigwa.

"Mabaka yana sababu nyingi," mama yake alimwambia aliposikia. "Pima majani ya Kigwa peke yake. Nani atakuuliza?"

"Mama, Pelagia ataniuliza."

"Pelagia ndiye aliyekunyonyesha?"

Kesho yake umeme ulikatika, na dizeli ya jenereta haikuwapo mji mzima. Kimeng'enya kilichobaki, tone tu chini ya kichupa, kingekufa kwa joto. Fakhria alikifukia katika barafu na chumvi ndani ya chupa ya chai, akaanza kazi siku ileile. Mkuu wake, Bwana Bernardo, alichochea jiko la mkaa huku Fakhria akiongeza maji ya moto kidogo kidogo, jicho kwenye kipimajoto, ili mchanganyiko usipoe wala usiungue. Aliweka vichupa viwili: kimoja cha Kigwa, kimoja cha mbegu za kaka yake.

Nakala alizipeleka mwenyewe Dar es Salaam, kwenye maabara yenye vifaa vya kuzitia alama ya mionzi, inayoacha doa kwenye filamu. Nakala ya Kigwa ikawekwa juu ya sampuli zote mbili. Filamu iliposafishwa, doa jeusi lilitokea mahali pa Kigwa. Na mahali pa mbegu za Soud palikuwa na doa jeusi vilevile.

Aliyasema yote mbele ya kamati ya mkoa, Pelagia akiwa amekaa benchi la mbele. Hakuna sumu, alisema. Ni ugonjwa, haukuonekana kwa macho, na aliyeuza asingeweza kuujua. Lakini ulikuja na mbegu zile.

"Kwa hiyo ni zake," Pelagia alisema.

"Ni zake, mama."

Shitaka la hujuma likafutwa. Mbegu zikachomwa moto, duka likafungwa, na Kigwa mwaka ule walikula mihogo ya kuomba. Bi Tufaha akimpakulia binti yake chakula, alikisukuma mezani na kugeuka.

Soud alirudi amekonda, kola ya shati ikimpwaya. Siku moja wakiwa wawili tu ukumbini alimuuliza, "Ungekuta nimetia sumu kweli, ungesema?"

"Ningesema, kaka."

Soud aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa alichokijua. Mwezi uliofuata alihamia Nzega kwa mjomba wao. Hakuaga kwa ubaya. Alimpa dada yake mkono, akapanda basi, akakaa dirisha la upande wa pili, si upande aliosimama dada yake.