Siku Nilipoitukana Detanderi

Asubuhi hiyo nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilivaa blauzi ndani nje na nikavuka mtaa mzima nikisalimia watu. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Uvira. Miaka yote nimewachorea wanafunzi samaki wa ziwa ubaoni bila kumwona hata mmoja akiogelea kwao, na siku hiyo nilikuwa naenda Kalundu kuchagua vyombo vyangu vya kwanza vya kuzamia. Vyangu! Kiangazi chote nilijifunza kupumua kwenye maji mafupi ya matope, yasiyoonyesha hata samaki, kwa vyombo vya mzee mmoja, mzamiaji aliyezeeka akikwangua matumbo ya meli bandarini. Sasa alikuwa anahamia kwa binti yake, anauza seti zake mbili, na aliniambia nichague kabla ya wengine.

Tatizo lilikuwa mama. Mama yangu ananunua mchele Bwegera na kuuleta soko la hapa. Amekulia mashambani, na kwake maji ya heshima ni yale yanayoishia kwenye kifundo cha mguu.

"Nitakuja kuona ile mashini na macho yangu," alisema. "Nikiikatala, imeisha."

Cheka ukitaka. Nina watoto watatu na vyeti viwili, lakini mama akikataa, siendi. Sijawahi kufanya jambo kubwa huku yeye amenuna, na sikutaka kuanzia chini ya maji.

Mzee alikuwa ametandaza kila kitu juu ya turubai uani kwake. Mama akapewa kigoda. Mimi nikaanza na maski, kile kioo cha kuonea majini, kama nilivyofundishwa: unaibandika usoni bila mkanda, unavuta hewa kwa pua, unaachia. Ya kwanza ilidondoka, kuku wakatawanyika. Ya pili ikaganda. Nilizunguka ua mzima mikono juu nikicheka kwa mdomo, maana nikicheka kwa pua ingeanguka. Nikajaribu palme, yale mapezi ya kuvaa miguuni, nikatembea kinyumenyume na kukanyaga sahani ya mihogo. Kati ya jile mbili, vile vizibao vya kujaza hewa, ile nyekundu ilinipanda hadi masikioni, kwa hiyo nikachukua iliyopauka, iliyonikumbatia mbavu vizuri. Mama hakucheka hata mara moja.

Ikabaki detanderi, kile chombo cha mdomoni kinachokuletea hewa kwa mipira kutoka kwenye chupa ya chuma ya mgongoni. Zilikuwa mbili. Ile inayong'aa ilinifanya nivute kwa nguvu. Nyeusi yenye mikwaruzo ilinipa hewa kabla hata sijaiomba. Niliipenda papo hapo, na ndipo nilipoharibu.

Mimi nimekulia kando ya mama, juu ya magunia ya Bwegera. Mkulima akikumwagia mchele mweupe, mzima, wenye harufu nzuri, unakunja uso. Unasema umevunjika, una mawe, hata kuku wataukataa. Mkulima anajua, hakasiriki. Anacheka, anajibu kwa matusi yake, na bei inashuka. Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe mbele ya mzee.

"Papa, hii detanderi iko mubaya. Mupira yake imepasuka, inavuja. Hata mbuzi haiwezi kupumua humu."

Nikasubiri kicheko chake. Hakucheka. Alifunga chupa, akaipapasa mipira polepole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Inavuja wapi?"

"Papa, nilikuwa natania tu."

"Minye nimetumika mu maji tangu ujana," alisema. "Muntu akisema inavuja, siwezi kumuuzisha. Hata ile ingine, hapana. Na kesho ukitania chini kule, wenzako watajua aje kama ni ukweli?"

Akaanza kukunja turubai. Mama naye akasimama na kujifunga kitenge chake.

"Imeisha. Umesema weye mwenyewe. Twende."

Nilibaki katikati yao kama mwanafunzi aliyekamatwa akinakili mtihani. Machozi yalinijaa. Niliona aibu sana, na nilimchukia kila mkulima wa Bwegera aliyewahi kucheka.

Mama aliyaona machozi yangu. Kisha akakaa tena.

"Papa, ngoja kidogo. Huyu, minye ndjo nilimufundisha. Akipenda kitu, anaitukana. Leta hapa nione."

Alifuta kidomo cha detanderi kwa kitenge. Huyu ni mama asiyekunywa kwenye kikombe cha mwingine, hata cha dada yake. Akakiweka mdomoni. Mzee akafungua chupa. Mama akavuta, macho yakamtoka. Akavuta tena. Akafumba macho, akaendelea kupumua pale kwenye kigoda kwa utulivu, hadi mzee akaanza kuchungulia kipimo cha hewa na mimi nikaanza kucheka huku bado nalia.

"Iko muzuri," alisema alipokitoa.

Mzee akaipapasa mipira mara nyingine, akakubali, akataja bei. Mimi nikavuta pumzi, tayari kulalamika. Mama akanifinya paja. Mama yangu, ambaye hajawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, ambaye hata jeneza la baba alipunguziwa, alimgeukia mzee.

"Usimupunguzie," alisema. "Mutoto yangu atapumua humu."