Mkunjo wa Kitako cha Karna

Engkos hajawahi kutupa skrubu. Ukiingia kwake, kabla hujaulizwa kama umekula, utaambiwa uangalie unapokanyaga, maana sakafuni yamejaa makopo ya biskuti yenye springi za miavuli, vali za baiskeli na vipande vya bomba ambavyo wenye akili zao walishavitupa zamani. Nyumba zetu zinatazamana. Mimi naitwa Iroh, na kazi yangu kwa miaka thelathini ni kukata wosha za ngozi za pampu. Hapa Cipacing, kijijini kwetu Java, bunduki ya upepo haitengenezwi na mtu mmoja. Nyumba ile mtutu, nyumba hii pampu, kwangu ngozi, kwa Engkos kitako cha mbao. Kwa hiyo nikisema namjua, si kwa kumchungulia dirishani tu, ingawa kuchungulia nachungulia.

Ana miaka hamsini na mmoja, alifiwa na mke mapema, anaishi na mama yake, Bibi Tarsih. Ni mpole, mbishi, na bahili wa kufa mtu. Kahawa yake ina unga wa mbao juu, naye huipuliza pembeni na kunywa. Ukutani kwake kuna vitu viwili ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvigusa: picha ya baba yake, marehemu Karna, aliyopigwa kwa ubavu, upande mmoja tu wa uso ukionekana, na kitako cha bunduki aliyokuwa akiitumia marehemu mwenyewe, cha mti wa mfenesi, cheusi kwa mafuta ya mikono. Kitako hicho kina mkunjo mdogo, nacho kimelazwa chini kidogo pale pa kuweka shavu. Karna alipokufa, Engkos alianza kukinakili. Miaka ishirini na miwili amenakili hicho hicho. Wanunuzi wakaupenda mkunjo wakidhani ni urembo, nasi tukauita mkunjo wa Karna.

Vita vilianza kwenye kibanda cha tofu ya kukaanga. Jumhana, mume wa dada yake Engkos, alikuwa amenunua mashine ya kunakili mbao: unaweka kitako cha mfano upande mmoja, upande wa pili vinatoka vinne. Akakitaka kitako cha Karna. Engkos akakataa. Jumhana akasema kitako ni kitako, mradi kisimtie mtu vibanzi mkononi. Engkos akajibu kuwa kitako kilichochongwa kwa mkono kinalenga chenyewe.

"Basi kilenge tuone," alisema Jumhana huku anatafuna. "Shemeji yangu umeuzia nusu ya Java, lakini wewe mwenyewe bunduki huna."

Kweli hakuwa nayo. Mganga hajigangi. Wakakubaliana mbele yetu sote: Agosti kumi na saba, kwenye mashindano ya siku ya uhuru, Engkos atapiga kwa bunduki aliyojiundia. Akivunja kerupuk nane kati ya kumi, zile kaki nyembamba za uduvi zilizokaangwa, zinazoning'inizwa kwenye uzi, Jumhana hatakigusa tena kitako. Akishindwa, kitako kinakwenda kwenye mashine na patasi zinatundikwa. Nilimwona Engkos masikio yakimwiva. Kazi ile ndiyo pekee aliyokuwa amebaki nayo, na kila mtu kibandani alijua.

Alijiundia bunduki kwa wiki sita, na sidhani alitumia fedha inayotosha kununua jozi ya ndala. Mtutu aliupata kwa Aceng, fundi wa mitutu, uliokataliwa kwa kuwa ulikwaruzika nje. Bomba la pampu alilichomoa kwenye bunduki iliyokufa. Nundu ya kulengea ya mbele ilikuwa kichwa cha skrubu, ameisugua kwa tupa asubuhi nzima. Mimi nilimpa wosha niliyoiloweka kwenye mafuta siku tatu, naye akanilipa karanga za kuchemsha, nusu yake mbovu. Kitako alikichonga kutoka kwenye kinu cha mama yake kilichopasuka, mkunjo ule ule.

Ikatoka bunduki nzuri. Tatizo ni kwamba haikupiga.

Yaani ilipiga, lakini kwa namna ya ajabu. Risasi ya kwanza katikati, ya pili katikati, ya tatu inaanza kwenda kulia, na kuanzia ya nne unaweza kusimama mbele ya shabaha ukanywa chai. Engkos akamlaumu Aceng na mtutu wake. Akaubadilisha, mambo yale yale. Kisha akaja kwangu kuilaumu wosha, na hapo niliudhika hasa. Nikamwambia wosha yangu inasukuma upepo, haijui kulia wala kushoto. Akasogeza kilengeo cha nyuma. Sasa risasi mbili za kwanza zikaenda kushoto, zilizofuata zikapiga katikati.

Jambo hilo lilininyima raha. Mtutu ukiwa mbovu, ni mbovu tangu risasi ya kwanza. Kwa nini huu usubiri ya tatu? Zikiwa zimebaki siku tatu, niliacha ngozi zangu, nikaketi uani kwake na kumwambia apige. Sikuitazama shabaha. Nilimtazama yeye.

Risasi ya kwanza shingo ilimsimama mishipa. Alikuwa anakivuta kichwa nyuma, kama anayekwepa busu la shangazi. Kufika ya tatu shingo ilichoka, na shavu likateleza juu ya mbao, likavuka upande wa pili, jicho la kulia likatoka kwenye mstari. Nikaomba bunduki nijaribu. Uso wangu nao ukalala vile vile, mbao yenyewe ikiuvuta. Nikakumbuka wateja waliokuwa wakisema kitako cha Engkos kina maringo, mpaka ukizoee, na wengine waliopinda vilengeo vyao kimyakimya.

Nikaingia ndani nikakishusha kitako cha Karna bila ruhusa. Engkos alinifuata akigomba. Pale shavu la mtu hulala, mbao haikuwa imechakaa. Ilichakaa juu, kwenye mgongo wake, na ng'ambo ya mgongo. Miaka mingi uso ulikuwa umelala pale, umevuka kabisa.

Bibi Tarsih alikuwa mlangoni anachambua mchele. Nikamuuliza marehemu alikuwa analengaje. Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Wewe Iroh, udadisi wako utakuua," alisema. Kisha akaendelea bila kutuangalia. "Alikuwa analenga kwa jicho la kushoto. La kulia lilirukiwa na kipande cha patasi kabla Engkos hajazaliwa. Lilikuwa linaona maziwa tu. Nani angenunua bunduki kwa fundi wa jicho moja? Aliniapisha nisimwambie mtu."

Nilikumbuka kofia ya Karna iliyoshushwa upande mmoja. Sote tulidhani ni maringo.

"Hata mimi, Mama?" aliuliza Engkos.

"Hukuuliza, mwanangu. Uliikuta kofia, ukaiona kofia."

Engkos alikichukua kitako mikononi mwangu. Akakiweka begani, akaacha uso uanguke unakotaka kuanguka, akafumba jicho la kulia. Alikaa hivyo mpaka nikaona aibu kumtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho lile lililofumbwa.

"Kumbe alikuwa anaangalia huku," alisema.

Kuchonga kitako kipya hakukuwa na muda wala mbao kavu. Vitako vyake vyote vina matundu mahali pamoja, kwa hiyo alifungua skrubu mbili, akakitoa kile cha kinu na kufunga cha baba yake. Siku mbili akajifundisha jicho la kushoto, kutwa nzima.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Engkos aliposimama, akalaza uso juu ya mbao na kufumba jicho lisilo lake, watu wakaanza. Mmoja akamuuliza kama amelala, mwingine akamshauri aletewe mto. Kerupuk ya kwanza ikavunjika. Ya pili. Ya tatu, ile iliyokuwa ikikimbilia kulia, nayo ikavunjika. Ya nne ikasambaa kama unga. Alikosa ya saba tu, upepo uliuzungusha uzi. Tisa.

Jumhana alikuwa muungwana, nampa haki yake. Alikuja akampa shemeji yake mkono na kusema mkono ni mkono, mashine ataitumia kuchongea miguu ya meza. Mambo yangeishia hapo. Kitako kimepona, patasi zimepona, na siri ingebaki kwetu watatu. Nilimkodolea Engkos macho anyamaze.

Hakunyamaza. Alikiinua kitako juu.

"Hiki kilitengenezewa uso wa mtu mmoja," alisema. "Baba yangu hakuwa anaona jicho la kulia. Mimi sikujua, nikawauzia uso wake miaka ishirini na miwili. Nyie mmekuwa mkivunja shingo kwa ajili yangu. Vileteni, nitavirekebisha bure."

Neno bure, kutoka kinywani mwa Engkos, ndilo lililowashangaza zaidi. Bibi Tarsih, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alijifunika mdomo kwa mtandio. Nilidhani ni hasira.

Jumatatu asubuhi foleni ilifika kwenye mlango wangu. Engkos anawapima kwa ufito wa mwanzi, shavu hadi jicho, bega hadi kidole, anawauliza jicho lipi linaona vizuri na usiku hulalia upande gani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Jumhana, akagundua kuwa bega lake moja liko chini kuliko lingine. Alitaka kubisha, akatazama mwanzi, akaacha.

Nilipopeleka wosha jioni ile, kitako cha Karna kilikuwa kimerudi ukutani, lakini picha ya ubavu haikuwepo. Bibi Tarsih alikuwa juu ya kiti, ananyoosha msumari. Alikuwa ametoa sandukuni picha nyingine, ambayo mimi jirani wa miaka yote hiyo sikuwahi kuiona. Karna amekaa kwenye benchi lake, hana kofia, amegeukia kamera uso mzima, jicho moja jeupe. Anacheka.

"Imenyooka?" Bibi Tarsih aliniuliza.

Nikamwambia imenyooka.