Maua Yenye Tumbo

Msianze kunicheka sasa, pa kuchekea papo mbele na patawatosha wote. Mimi, ambaye Kariakoo nzima inanijua kwa kuhesabu kitu mara mbili kabla sijakishika na mara mbili tena nikishakishika (biashara ya chupa na makopo matupu haitaki macho yenye haya), niliumbuliwa na maua. Si mwizi, si mgambo. Maua ya maboga.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, sukari kwa foleni, unga kwa foleni, na wakati mwingine unapanga foleni kwanza ndipo unauliza kinauzwa nini. Nyumba kumi zetu tulikuwa na bustani ya pamoja kule bonde la Msimbazi, mchicha, bamia na matuta ya maboga, na yale maboga hayakuwa mchezo, kwa sababu mjumbe wetu, Mzee Mfaume, alikuwa ameshayapangia kazi: Ramadhani imebaki miezi miwili na kitu, muhogo una siku zake, viazi vina siku zake, kwa hiyo futari ya nyumba zote kumi ingekuwa boga la nazi (na Wakristo wetu wamo, maana adhana ya magharibi ikilia mtaani kwetu kila mtu alikuwa amefunga).

Sasa akaja dada mmoja wa afya, tukamwita Bibi Lishe, akatukusanya uani kwa mjumbe akatufundisha kwamba tunatupa chakula. Ua la boga, alisema, lina vitamini A ya kulinda macho, lina vitamini C, lina madini ya chokaa ya mifupa. Usilichemshe mpaka likalegea, vitamini zitakimbia, na tia karanga au tui, kwa sababu ile vitamini A haiingii mwilini bila mafuta. Mimi nilisikiliza kama mtu anayesomewa urithi. Kesho yake nilikuwa nawahubiria wateja wangu vitamini mpaka mmoja akaniuliza kama nimeacha chupa nimefungua zahanati.

Bibi Lishe akasema Jumapili atarudi apike mbele ya watu, na wageni wa kata watakuja kuonja. Nani atachuma maua? Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Wewe umelima lini?" akauliza mke wangu, Mama Hadija.

"Kuchuma si kulima," nikamjibu.

Jirani yetu Bi Somoe, mtu wa Nachingwea, aliyekula maua hayo tangu hajaota meno, akaniambia kwa upole, "Shemeji, twende wote. Maua yale yana uchumaji wake."

Hapo ndipo nilipojiponza. Nilipiga hesabu haraka: nikienda naye sifa tutagawana nusu kwa nusu, na mimi sifa sijawahi kuuza rejareja. Nikamwambia apumzike.

Jumapili alfajiri nikashuka bondeni na kapu. Nikakuta maua ya namna mbili. Mengine yamesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, nyuma hakuna kitu, na yalikuwa mengi. Mengine yamejificha chini ya majani, na nyuma ya ua kuna kitumbo cha mviringo, kizito kidogo ukikipima kiganjani. Nyie mngechukua lipi? Mtu akikuwekea machungwa mawili ya bei moja uchague, unachukua zito. Nikajisemea, kama ua tupu lina vitamini, lenye tumbo litakuwa na akiba. Nikapiga magoti nikafunua jani moja moja, nikachuma yaliyochanua na yaliyokuwa yanajiandaa, nikahesabu ishirini na saba, nikarudia, ishirini na saba.

Uani watu wamejaa, wageni wamepewa viti, jiko linawaka. Badala ya kuweka kapu chini kimyakimya, nikatoa hotuba.

"Ndugu zangu, haya ni ishirini na saba, nimehesabu mara mbili. Yale mepesi nimeyaacha. Nimewachagulia yenye tumbo tu, na la aina hii halikubaki hata moja bondeni!"

Nilitegemea makofi. Bi Somoe akashika kichwa. Bibi Lishe akachukua ua moja akaligeuza.

"Ndugu, hili tumbo unajua ni la nini?"

"La vitamini, dada."

"Ni mimba!" akapiga kelele Bi Somoe. "Umechuma majike yote, shemeji! Haya ndiyo maboga yenyewe! Yanachumwa madume, yale ya kikonyo kirefu!"

Mzee Mfaume akavua kofia, akachungulia ndani ya kapu muda mrefu. "Yaani futari yetu ndiyo hii?"

"Ndiyo, Mzee," akasema mke wangu, mke wangu mwenyewe, "na amehesabu mara mbili."

Walicheka mpaka mgeni mmoja wa kata akaomba maji. Maua yakapikwa kwa karanga, yalikuwa matamu mno, na sahani yangu ilijazwa vitumbo vitupu.

Hukumu aliitoa Bi Somoe. Mashina yatatoa majike mengine, alisema, lakini nyuki bondeni ni wa kuhesabu, basi mhesabuji mwenyewe aende kila asubuhi, achume dume, ampakaze jike ule unga wa manjano, mpaka maboga yashike. Nikaenda, wiki baada ya wiki, nimeinama na ua mkononi, na watu wa Magomeni wanapita kwenda kazini.

"Mshenga! Leo unaoza wangapi?"

"Mahari wamekubali?"

Jina likanitangulia sokoni. Hata leo ukiuliza muuza chupa hupelekwi kwangu; ulizia Mshenga.

Yakapatikana maboga kumi na tisa. Niliyahesabu mara moja tu, kwani ya pili alihesabu Mzee Mfaume, nyuma yangu, kwa sauti. Nyumba tisa zikapewa mawili mawili. Yangu fanyeni hesabu wenyewe. Nikafungua mdomo nianze kubisha, Bi Somoe akaniwahi:

"Unataka la pili, shemeji, au tukuchumie ua?"

Nikabeba boga langu nyumbani.

Maua ya maboga bado nakula, na karanga zake, macho yangu mazima. Lakini sichumi ua kabla sijalipindua nikaona mgongoni limebeba nini, na hata hapo namwita kwanza Bi Somoe. Sifa achukue yeye. Jumla.