Nilivyoiba taji la malkia bila kuonekana, gemu yetu isifutwe pale Ntinda

Wakuu, habari za mapumziko. Naanza na gharama, maana najua humu kuna watu husoma mwisho kwanza.

Kukamatwa mara 31. Chupa 8 za dawa ya kutoonekana. Jozi moja ya viatu vya chuma. Siku nne.

Nimehesabu mara mbili. Yaliyobaki nayaandika kama yalivyotokea, na mashahidi wapo, wengine wanasoma humu.

Mimi nauza nguo za mitumba, hapa Kampala tunaziita mivumba. Nikimaliza kazi napita kwenye ukumbi mmoja wa gemu hapa Ntinda, nyuma ya maduka, umegusana ukuta na saluni ya kinyozi. Mwenye ukumbi ni Papa Sifa, mzee wa Bukavu, mpole mpaka umguse umeme wake.

Ana skrini nne. Tatu ni mpira. Ya nne, ya kona, ndiyo yangu: gemu ya zamani ya kifalme, wachawi, mapanga, wewe ni mwizi unatumwa huku na huku. Jina silitaji, moderator asije akasema natangaza biashara.

Nimeicheza Jumapili nyingi sana. Save yangu, yaani pale gemu ilipohifadhi nilipofika, ilikuwa kwenye kazi ya mwisho: kuingia ngome ya malkia, kuchukua taji, kutoka. Ukionekana hata na askari mmoja, kengele inalia, unarudishwa getini.

Sasa Jumatano Papa Sifa ananiambia, bila hata kunitazama:

"Ndugu yangu, disk imejaa. Siku ya posho naweka mpira mupya. Ile mambo yako ya wachawi nafuta."

Siku ya posho ni Jumamosi, kwa wasiojua Kiswahili cha Kongo.

Wakuu, save ikifutwa haina mazishi. Nikaanza kupatana. Nikaomba mwezi. Akasema leo. Nikaomba wiki mbili. Akasema kesho asubuhi. Nikamwonesha kuna toleo la mpira la zamani ambalo hakuna anayeligusa, kwa nini asifute lile?

"Ile iko na watu. Yako iko na mutu moja. Weye."

Hapo ndipo nilipopata pa kushika. Nikamwambia: nipe mpaka Jumamosi saa sita mchana. Nikimaliza ngome, na watu wakisimama kuangalia, unafuta mpira wa zamani. Nikishindwa, unafuta yangu na sitasema neno.

Akacheka. "Weye kusema hapana neno? Hiyo tu nitalipia." Tukapeana mkono.

Nilikuwa na chupa tisa za dawa. Kila chupa inakupa sekunde ishirini za kutoonekana. Na gemu hii haina huruma: ukikamatwa unarudi getini, lakini chupa uliyokunywa hairudi.

Jumatano nikafanya anachofanya kila mtu. Nasimama getini, nakunywa, najiingilia kama mwenye nyumba.

"Nani huko?" Kengele. Getini.

Nakunywa tena. "Nani huko?" Kengele.

Nikawaka. Sionekani, sasa wananijuaje? Nilimaliza chupa tatu siku hiyo na kukamatwa mara 12. Alhamisi chupa tatu tena, mara 11. Vijana wa boda wanaocheza mpira skrini ya pili wakaanza kunitania kwa "ssebo", yaani bwana: "Ssebo, hata sisi tunakuona!"

Ijumaa chupa moja, mara 8. Zikabaki mbili.

Ndipo akaingia Afande Oryem. Huyu ni sajenti mstaafu, anakaa Mbuya, alikuwa anangoja zamu yake kwa kinyozi. Hajawahi kushika pedi ya gemu maishani. Alisimama nyuma yangu, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

Kisha akasema: "Hii askari yako, nani alifundisha yeye?"

Nikamwambia ni kompyuta, Afande.

"Kompyuta iko bure. Angalia ule. Anangoja mwenzake kuja kupokea lindo. Sasa tayari amegeuka. Dakika ya mwisho ya lindo, macho yote iko kwa njia mwenzake atatokea. Wewe unapita saa hiyo, yeye hana habari."

Nikaangalia. Kweli bwana. Kila kengele ya zamu ikilia ngomeni, askari wanabadilishana, na yule anayetoka zamu anakuwa ameshageuza uso upande wa mwenzake.

"Na kwa nini unakunywa dawa kuingia? Kuingia ni rahisi. Mwizi tunamshika akitoka, sababu saa hiyo ana haraka na ana mzigo."

Akaonyesha kwa kidole miguu ya mwizi wangu. "Na toa hiyo viatu. Nasikia wewe kama lori."

Wakuu, hapo palinichoma. Vile viatu vya chuma nilipatana na mhunzi wa gemu kutoka dinari 90 mpaka 55. Nilikuwa navivaa kwa sababu ya ile bei tu. Kutoonekana si kutosikika, na mimi siku tatu nilikuwa napita mbele ya askari nikigonga kama chuma chakavu. Nikavitupa mtoni. Sikuangalia vikizama.

Jumamosi saa nne nilikuwa nimekaa. Afande alikuja na nywele zake mpya, akavuta kiti.

Niliingia bila dawa, peku. Nikajibanza nyuma ya mapipa, nikahesabu hatua za askari: kumi na nne kwenda, anasimama, kumi na nne kurudi. Nikahesabu tena. Kengele ya zamu ikalia, akageuka, nikapita mgongoni kwake.

Taa mbili za ukumbi wa malkia nikazima. Na jambo ambalo sijaliona limeandikwa popote: milango yote niliiacha wazi. Katika gemu hii ukifungua mlango ukiwa hauonekani, dawa inakatika hapo hapo. Kwa hiyo mlango fungua ukiwa unaingia, wakati una nafasi.

Nikafika kwenye taji. Nikageuka kwenye kiti, nikaona skrini za mpira zote tatu zimesimamishwa. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Hata kinyozi yupo na mashine mkononi, na mteja wake kanyolewa upande mmoja.

Nikanyanyua taji. Ngome nzima ikaamka.

Nikanywa.

Ishirini. Vidole vinataka kukimbia. Afande taratibu tu: "Tembea." Kukimbia kunatoa sauti. Nikatembea.

Zimebaki sekunde kumi na moja, naona askari kasimama katikati ya mlango wa mwisho. Hanioni, lakini mwili ninao, nikimgusa tumeisha. Nikasimama mbele ya uso wake. Kumi. Tisa. Nane. Mtu nyuma yangu akasema "Yesu". Saba. Sita.

Mwenzake akatokea pembeni. Yule wa mlangoni akageuka, akapiga hatua kumfuata.

Nilipita zikiwa zimebaki tatu.

Zile kelele, wakuu, nadhani hata mtaa wa Naguru walizisikia. Boda mmoja alinibeba pamoja na kiti. Papa Sifa aliangalia saa ukutani: sita kasoro dakika ishirini. Akahesabu watu, akahesabu tena, kisha akaufuta mpira wa zamani mbele yetu.

"Inabaki," akasema. "Lakini sasa kona yako iko na foleni. Utangoja kama wengine."

Nilichojifunza: dawa ni ya kutokea. Kuingia tumia giza, zamu na miguu mitupu. Na kitu kikikupigia kelele, kitupe, hata kama ulikipata kwa bei nzuri.

Sasa naomba msaada. Aliye wa kwanza kwenye foleni ni Afande. Hataki kabisa kujificha. Anatembea katikati ya barabara mpaka getini, anawafokea askari jinsi walivyosimama, wanampiga mkuki. Mara 19 mpaka jana, na sisi wote tunangoja nyuma yake.

Kuna anayejua namna ya kumfundisha kujificha mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kutafuta waliojificha? Karibuni, nasoma kila comment.