Mizani Iko Sawa, Meza ya Ireen Haina Mtu

Jua halijapanda vizuri juu ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, na Ireen Kunda ameshamaliza kupanga chisense mezani. Dagaa hawa wa Ziwa Mweru, waliokaushwa juani hadi wakang'aa, anawalundika kwa viganja viwili, anarudi nyuma kuwatazama, kisha anachukua kitambaa na kufuta vumbi kwenye mizani. Mizani haina vumbi. Hata jana aliifuta, na hakuna aliyekuja kupimiwa.

Upande wa pili wa banda wamekaa wauzaji wanne, wamempa kisogo, wanapiga soga kwa Kibemba. Hawana ubaya naye. Wameshazoea tu kwamba Ireen hukaa peke yake.

"Kuko siku naongea na samaki," anasema, akicheka kidogo. "Hakuna anajibu, lakini hakuna anakimbia."

Ireen ana miaka arobaini na tatu. Mumewe alikwenda Kitwe kutafuta kazi ya mgodini, akapotelea huko kwa mke mwingine. Binti yake wa pekee anasoma bweni Mansa. Chumba anachopanga karibu na gati kina viti viwili, na kimoja anawekea nguo.

Miaka minne iliyopita, akiwa katibu wa kikundi cha wauza samaki, alichaguliwa kwenda Marekani kwa wiki sita katika mpango wa kubadilishana wafanyabiashara wadogo. Alirudi na koti zito ambalo hapa ziwani halina kazi yoyote, na haki ya kuomba ruzuku ndogo wanayopewa waliohitimu mpango huo. Fedha hizo ni za kupatanisha watu wa jamii zao. Wenye ofisi huiita kazi hiyo diplomasia ya jamii. Ireen hakuhitaji kwenda mbali kutafuta ugomvi wa kusuluhisha, kwa maana ulikuwa mezani pake kila siku ya soko.

Wakongomani waliokimbia vita mwaka 2017, wakapokelewa katika kambi ya Kenani na baadaye wakapewa mashamba katika makazi ya Mantapala, huleta unga wa muhogo na mboga, na kurudi na chisense. Wenyeji walipima samaki kwa kopo lao, wageni wakapima unga kwa kopo lao, na kila upande uliapa kwamba kopo la mwenzake limepigwa kitako kikaingia ndani. Siku nyingine makopo yaliruka. Hata hivyo wanawake walitukanana, wakacheka, wakauziana, na wiki iliyofuata wakarudi.

Kelele zaidi zilitoka kwa Mujinga, mama wa watoto watano aliyetokea Pweto, upande wa Kongo. Yeye na Ireen walikuwa chanda na pete. Mujinga akishauza unga wake alikuwa hana haraka ya kuondoka; alikaa nyuma ya meza ya Ireen, akamsaidia kuchambua samaki na kumwambia ni mwanamume gani wa sokoni asimwamini.

"Ba Mujinga alikuwa mutu wangu," anasema Ireen, akimwita Ba kwa heshima. "Nikigonjwa, yeye njo alikuwa anajua wa kwanza."

Ruzuku ilipotoka ilijenga banda la bati na kununua mizani tatu. Wakubwa walikuja kutoka boma kufungua. Kwa heshima, Ireen alimchagua Mujinga awe mteja wa kwanza. Akammiminia chisense kwenye sahani, mshale ukapita kilo moja kidogo. Ireen alifanya kama alivyofundishwa: akachota samaki kidogo kwa vidole, akawarudisha kwenye beseni mpaka mshale ukakaa pake. Wakubwa wakapiga makofi.

Kwenye ufuo huu, kipimo kikishajaa, muuzaji huongeza samaki kidogo juu. Wazambia huita nyongeza hiyo mbasela, na Wakongomani nao wanayo kwao. Mbasela humwambia mteja kwamba mmeonana na mtaonana tena. Kumtolea mtu samaki waliokwisha kuingia katika sahani yake, tena mbele ya watu, ni kumfukuza.

Mujinga alilipa, akashukuru, akaondoka. Hakurudi tena. Wenzake wa Mantapala walimfuata mmoja mmoja, na sasa wanauziana na watu kwa makopo kandokando ya barabara. Ireen, ambaye zamani aliweza kurudi nyumbani na kwacha mia na hamsini, sasa akipata hamsini anashukuru. Ripoti ya mradi iliandikwa kwamba ugomvi sokoni umekwisha. Haikusema uongo.

Kwa karibu mwaka mzima Ireen hakujua kosa lake. Alidhani ni wivu wa safari ya Marekani. Mwezi uliopita alikutana na Mujinga kwenye benchi la zahanati, akapiga moyo konde, akamuuliza.

"Balansi yako iko sawa, Ba Ireen. Sina neno na balansi," Mujinga alimjibu, akimaanisha mizani, bila kumtazama. "Lakini ulitoa samaki mu sahani yangu, mbele ya bale batu bote ba ofisi. Na mi nilizani tuko bandugu."

Kisha jina la Mujinga likaitwa, akaingia ndani.

"Nilitaka kusema unisamehe," anasimulia Ireen. "Mudomo ikakataa. Mwandi, kweli kabisa, nilirudi ku nyumba, sikupika."

Anaona aibu, na hafichi. Marekani alivutiwa na maduka ambako kila kitu hupimwa na hakuna anayebishana. "Niliona ni muzuri sana. Sikuangalia kama bale batu banajuana," anasema.

Siku hizi mizani ikishatua, Ireen anaongeza mbasela, tena ya kujaza kiganja. Wiki iliyopita wanawake wawili wa Mantapala walikuja, wakapimiwa, wakatazama mkono wake ukiongeza, wakatazamana. Walinunua, lakini hawakukaa.

Maombi ya ruzuku mpya yamefunguliwa, na waliosafiri naye wanampigia simu wakimhimiza aombe. Hajaomba. Anasema mtu aliyeshindwa na rafiki mmoja hawezi kudai kwamba anapatanisha vijiji.

Jumamosi hatafungua meza. Atapanda gari la mizigo mpaka Mantapala, akiwa na beseni la chisense asilokusudia kupima wala kuuza. Hajapeleka habari, kwa kuogopa kuambiwa asije.

Na Mujinga akikataa kumpokea?

Ireen analisawazisha lundo la samaki kwa viganja viwili.

"Akinipa kiti, nitaikala," anasema. "Akininyima, nitaikala chini."