Mechi Yetu ya Siku Tano, Kando ya Barabara ya Nduta

Kosa langu la kwanza katika kriketi lilikuwa kushika ubao wa kupigia mpira kama jembe. Mkono mmoja niliuweka juu kabisa, mwingine karibu na katikati, nikauinua ubao hadi juu ya kichwa na kuushusha kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayefungua shamba jipya. Mpira ulikuwa umeshapita zamani. Mabua matatu ya mahindi yaliyosimama nyuma yangu, ambayo ndiyo yalikuwa wiketi yetu, yakiangushwa na mpira mpigaji ametolewa, yalikuwa yamelala chini, na mbele ya miguu yangu palikuwa na shimo la kutosha kupanda mbegu.

Nakiri mapema kwamba sina umri wa kusema "enzi zetu". Ndevu zangu bado zinahesabika. Tena aya hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, maana kuandika nimejifundisha mwenyewe, na kila nikirudia kusoma nahisi kuna mtu mahali fulani anayecheka. Lakini ninyi mliokuwa wadogo pamoja nami katika vijiji vya Kibondo, miaka ile kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena na malori yakawa yanatupiga vumbi mchana kutwa, ninyi mtanielewa.

Kriketi tuliletewa na mtu mmoja tu, fundi wa visima kutoka India aliyekuja kuchimba maji kwa ajili ya kambi, akapanga nyumba jirani na kwetu. Kijiji kizima kilimwita Injinia. Jioni alikaa barazani na simu sikioni akisikiliza mechi. Kesho yake anasikiliza mechi ileile. Keshokutwa, ileile. Tulidhani simu imeharibika. Ndipo akatueleza kwamba kriketi kubwa kuliko zote inaitwa Test, nchi kwa nchi, na inachezwa siku tano, watu wanapumzika kula na kunywa chai, giza likianza kuingia wanakwenda kulala, kesho wanaendelea walipoishia.

Baba alimuuliza mshindi hupatikana lini. Injinia akasema wakati mwingine hapatikani.

"Siku tano na mshindi hakuna," baba alisema. "Hiyo si mechi, Injinia. Hiyo ni kesi ya shamba."

Sisi tulipenda sana. Ubao ulichongwa na seremala kutoka kipande cha mbao kilichobaki kwenye jeneza, na hilo hatukumwambia mama yeyote. Mpira tuliusuka kwa matambara na mipira ya tyubu za baiskeli. Mbio, ndizo pointi za kriketi, tulizihesabu kwa maharage ndani ya kopo, haragwe moja mbio moja, mpaka jioni moja mama aliposhindwa kupata kitoweo akapika matokeo ya siku mbili. Tulikula tukiwa na huzuni, lakini tulikula. Bado nasikia harufu ya jioni zile, moshi wa kuni mbichi, muhogo ulioanikwa kwenye mawe, vumbi la barabara likinyeshewa mvua ya kwanza. Tulitoka shule, tukatua madumu ya maji nyumbani, tukakimbilia uwanjani kabla hatujatumwa tena.

Nestori alitujia kwa njia ya jembe. Alikuwa Mrundi wa kambini, wa rika letu, aliyefuatana na mama yake kulima vibarua kwenye mashamba ya kijijini ili mgao wa mahindi na dengu za njano ufike mwisho wa mwezi. Jioni moja, wakati mama yake anasubiri ujira wake kwa mama yangu, alisimama akatuangalia sisi wote tukilima hewa kwa ubao. Tukampa ajaribu. Aliushika mikono ikiwa imebanana, hakuuinua popote, akausogeza tu mbele mpira ulipofika, tok, ukaanguka miguuni pake. Ukaja mwingine, tok. Hatukumtoa mpaka mama yake akamwita. Nilimuuliza amefundishwa na nani.

"Mimi nimelima tangu asubuhi," alisema. "Sina nguvu ya kulima tena jioni."

Usiku ule nilijaribu kushika mwiko wa ugali kama yeye, mama akaniuliza kama naumwa.

Timu ya taifa tuliichagua Jumapili baada ya ibada, kwenye benchi la kinyozi wetu, Kaka Yoramu. Upande mmoja wa kijiji ulikuwa India, upande wetu ulikuwa Tanzania, na wote walitaka kuhamia Tanzania. Mabishano yalikuwa makali kuliko ya wakubwa. Nani anapiga kwanza, nani anarusha, nani aachwe kwa sababu wiki iliyopita aliondoka katikati ya mechi kwenda kufukuza ng'ombe. Mimi, nahodha, sikulala vizuri Jumamosi kwa kuogopa kukosea jina moja.

Jumapili moja nilitaja jina la Nestori. Binamu yangu Gervasi, mrushaji wetu mkali, ambaye sauti yake ilifika kabla yake, akasema haiwezekani. Timu ya taifa ni ya wenye taifa, wa kambini ana kwao, akachezee kwao. Wengine wakamuunga mkono, na Nestori mwenyewe alikuwa amekaa palepale, akichora chini kwa kidole cha mguu.

Kaka Yoramu alizima mashine akiwa amefika nusu ya kichwa cha mtu.

"Mimi nimezaliwa mkimbizi, Gervasi," alisema. "Nimekunyoa tangu una meno ya utoto, nikapewa uraia, na leo napiga kura. Sasa niambie, nikunyoe hapa, au nikanyolee kwetu?"

Benchi lilicheka, hata mwenye nusu kichwa. Gervasi alisema basi na acheze, lakini akitolewa mapema tusimlaumu yeye. Nestori alisema neno moja tu la nyumbani, "Ego", yaani sawa, akaondoka akiruka madimbwi ambayo hayakuwepo.

Mechi ilianza Jumatatu baada ya shule. India walipiga siku mbili. Sisi tukaanza kuanguka Jumatano, mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwemo, na mikono yangu ya jembe. Alhamisi alikuwa amebaki Nestori, akisaidiwa na Gervasi ambaye hakujua kupiga kabisa, maana wapigaji husimama wawili, kila mmoja upande wake wa uwanja. Tok, tok. Wakubwa walianza kusimama barabarani. Baba alikuja na kiti. Akina mama waliotoka kisimani walitua ndoo. Kopo la maharage lilijaa polepole mpaka ikabaki konzi moja tuwapite India, kisha jua likazama nyuma ya migomba na mpira ukawa hauonekani. Kaka Yoramu, mwamuzi, akaangalia angani jinsi Injinia alivyomfundisha, akasema mwanga umekwisha, kesho. Hakuna aliyebisha. Ndivyo Test inavyochezwa, na mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwamba kijijini kwetu tumefanya kitu sawasawa na wenyewe.

Tulikuwa na desturi yetu ambayo Injinia hakutufundisha. Ubao ulikuwa mmoja, kwa hiyo anayemaliza siku bila kutolewa analala nao. Hiyo ndiyo ilikuwa tuzo. Gervasi naye alikuwa hajatolewa, angeweza kudai. Aliufuta udongo kwa shati lake akampa Nestori, na Nestori akaenda nao kambini, ameuweka begani kama jembe.

Ijumaa tulikuwa darasani tuliposikia mabasi. Yalikuwa yakipita kila baada ya wiki kadhaa, yakiwarudisha watu Burundi, na tulizoea kuyapungia mkono dirishani. Siku ile nilipunga kama kawaida.

Tulipofika uwanjani ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye mabua ya mahindi, wima, umefutwa vizuri. Nyasi zilizouzunguka zilikuwa zimelazwa na nyayo za mtu aliyekuja kukiwa bado na umande. Mama yangu alikuja kutuambia. Mama Nestori alipita asubuhi na mapema kuaga, sisi tukiwa tumeshaondoka kwenda shule, majina yao yalikuwa yameitwa kwenye orodha ya kurudi Burundi, na mtoto aliomba aachwe kidogo uwanjani.

India walisema mchezaji asipokuwepo ametoka, kwa hiyo wameshinda. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Sote tulimtazama Gervasi, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, peke yake.

"Nani amemtoa?" aliuliza. "Mnitajie aliyemtoa." Akayaonyesha mabua, yote matatu yamesimama. "Basi hajatoka."

Akakaa chini. India nao wakakaa. Tulikaa hivyo mpaka mwanga ukaisha, kisha Kaka Yoramu akasema kesho, ingawa kesho ilikuwa Jumamosi.

Sasa naishi Kasulu, natengeneza simu, na jioni vijana hukusanyika kibandani kwangu kutazama kriketi. Wanaijua kuliko tulivyoijua sisi. Wanabishana timu ya taifa kwa majina na picha, nani ameonewa, nani amebebwa. Lakini ukiwatajia Test wanakuangalia kama umetaja redio ya mkulima. Wanasema imekufa, nchi zenyewe zinaikimbia, nani ana siku tano? Wao wanataka mechi iishe kabla bando halijaisha. Mmoja aliwahi kuniuliza mchezo usio na mshindi una faida gani. Nilitaka kumsimulia haya yote, nikaogopa kuyaharibu, nikamrudishia simu yake.

Injinia aliondoka visima vilipokamilika. Uwanja umepandwa muhogo. Gervasi ana watoto wawili, na tukikutana Kibondo haongei kriketi, ila huniuliza kama kuna habari za Burundi. Hakuna. Ubao upo kwangu, nyuma ya mlango, na asubuhi kabla sijafungua kibanda huwa naushika kidogo.

Siku hizi mikono yangu imebanana. Siku ya tano bado hatujaicheza.