Simu ya Edinah Yatangaza Oda Malaba

Edinah hakukerwa na kwamba Anyait alijua Kifaransa. Alikerwa na jinsi alivyokisoma: midomo imefungwa, kidole kikitembea kwenye simu, kisha anacheka peke yake kama mtu anayetekenywa.

Wote wawili waliuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la mpakani Malaba, meza zao zikigusana, na wote walimgombea Mama Solange, mnunuzi wa Bunia, Kongo, aliyewaandikia kwa Kifaransa, leo huyu, kesho yule. Karo ya watoto wa Edinah ilitoka kwa mama huyo.

Sylvia, binti ya Edinah, alimwekea mama yake programu ya kutafsiri. Unabandika ujumbe, simu inakusomea kwa Kiswahili. Edinah aliongeza sauti mpaka mwisho. Soko lina kelele, na tena alitaka Anyait asikie kwamba hata yeye sasa anaelewa.

Jumatatu simu ikatangaza: "Nahitaji magunia manane ya omena kavu, isiyo na mchanga. Dereva wangu yuko kwenye foleni, anavuka leo."

Edinah akaanza kuchekecha omena. Alipoinua kichwa, Anyait alikuwa ameshamfuata dereva kwenye foleni ya malori, na wapagazi walikuwa wakibeba magunia kutoka meza ya jirani.

"Umeniibia mteja."

"Nimeiba wapi, dada? Umetangaza mwenyewe. Hata wauza nyanya wamesikia."

Watu wakacheka. Swali likamponyoka Edinah. "Wewe huwa unasomaje?"

"Nasoma mpaka mwisho hata kama sielewi. Nashika yale ninayoyajua: gunia, siku, lori. Mengine nakisia. Likinishinda neno, hilo tu ndilo ninaloiuliza simu. Na sauti naizima."

Maneno hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kuanzia siku hiyo Edinah alirudia ujumbe wa zamani wa Mama Solange akisubiri ugali uive, bila kumwambia mtu. Maneno yaleyale yalijirudia, akaanza kuyatambua kama nyuso za wateja.

Ujumbe mwingine ulipoingia, aliuinamia muda mrefu. Neno moja lilimshinda, akaiuliza simu kimyakimya. Akajibu, akavuta gunia, akaanza kulijaza.

Anyait akanyoosha shingo. "Ni Mama Solange? Anasemaje?"

"Anakusalimia," Edinah akasema, akaendelea kujaza.